Tulilipia Aida nzima Verona, tukatolewa uwanjani kabla ya sehemu ya nne, ya mwisho

Wakuu, habari za muda huu. Hili jambo nimekaa nalo tangu turudi. Nilitaka kwanza nimpe aliyetuandalia safari ya kwenda Verona kutazama opera ya Aida nafasi ya kujibu, lakini hajajibu kitu cha maana, na sasa naona ameshaanza kutangaza safari ya msimu ujao kwenye yale magrupu ya Waafrika Mashariki wa huku kusini mwa Ujerumani. Picha ni zile zile na ahadi ni zile zile. Jina lake silitaji, maana sitaki wasimamizi waufute uzi. Waliosafiri naye wanajua namsema nani.

Kwa asiyeifahamu Verona: ni mji wa kaskazini mwa Italia, una uwanja wa mawe uliojengwa na Warumi karne ya kwanza, na kila majira ya joto uwanja huo unageuka jukwaa la opera, yaani michezo ya kuigiza inayoimbwa. Tamasha lilianza mwaka 1913, ilipotimia miaka 100 tangu mtunzi wake Giuseppe Verdi azaliwe, na opera waliyoianza nayo ilikuwa Aida. Mpaka leo Aida ndiyo roho ya tamasha lile. Hapo ndipo mwimbaji maarufu Maria Callas alipoimba Italia kwa mara ya kwanza, mwaka 1947. Maelfu ya watu wanakaa chini ya anga tupu usiku, na sauti ya mtu mmoja inawafikia wote.

Tangazo lilisema hivi, na ninalo kwenye simu: usafiri kutoka Munich, hoteli Verona usiku mmoja, viti vyenye namba, mwongozaji wa utamaduni anayezungumza Kiswahili, onyesho lote. Bei euro 289 kwa kila mtu. Nikalipa ya watu wawili, mimi na mama yangu.

Naomba mnielewe kwa nini nina hasira kiasi hiki. Mama alikuja kunitembelea kutoka Moshi. Anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika tangu kabla sijazaliwa. Haleluya ya Handel aliifundishwa kwa do-re-mi zilizoandikwa kwa chaki ubaoni, na mpaka leo ukimwamsha usiku wa manane atakuimbia sauti ya pili yote bila kukosea. Alishaniambia miaka mingi kwamba anatamani kumsikia mtu anayejaza uwanja kwa kifua chake mwenyewe, bila spika. Hii haikuwa safari ya kwenda kupiga picha.

Haya, safari. Basi liliondoka saa nne asubuhi. Mwongozaji hakuwepo. Kuna kijana mmoja alikuwa anahesabu watu na kugawa maji, akaweka video za vichekesho mpaka Innsbruck. Kufika pale Brenner, mpakani mwa Austria na Italia, tukaingizwa kwenye maduka ya bei ya punguzo, tukakaa zaidi ya saa nzima. Kwenye tangazo hilo halikuwepo. Lishikeni vizuri hilo la maduka, nitalirudia.

Basi zima limejaa Waafrika, tunakwenda kuona hadithi ya binti wa mfalme wa Ethiopia aliyechukuliwa mtumwa Misri, na hakuna mtu hata mmoja aliyesimama kutueleza chochote! Hivi mnajua opera hiyo ilizinduliwa Afrika? Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Cairo, tarehe 24 Desemba 1871, kwenye jumba la opera la Khedive Ismail, mtawala wa Misri, yeye ndiye aliyeiagiza kwa Verdi. Ilichelewa kwa sababu mapambo na mavazi yalikuwa Paris, na Paris ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Prussia. Na huyo huyo Ismail, miaka michache tu baadaye, akapeleka jeshi kupigana na Ethiopia kweli kweli, akashindwa Gundet mwaka 1875 na Gura mwaka 1876. Mwaka 1875 huo huo alituma meli zake mpaka Barawa na Kismayu, sehemu zilizokuwa chini ya Sultani Barghash wa Zanzibar, Waingereza wakamshinikiza aondoe watu wake. Yaani mtu aliyelipia opera hii aliinyooshea mkono pwani yetu. Nani asingependa kusikia hayo kwa Kiswahili, akiwa anapita katikati ya milima ya Alps?

Kuna na lile la mwaka 2022, mwimbaji wa sauti ya juu, Mmarekani mweusi Angel Blue, alipokataa kuimba La Traviata, opera nyingine ya Verdi, pale pale Verona kwa sababu kwenye Aida waimbaji wazungu walipakwa rangi nyeusi usoni. Hilo ni jambo ambalo watu wazima wanastahili kuambiwa kabla hawajakaa kutazama, kila mmoja aamue mwenyewe analionaje. Mimi naona Angel Blue alifanya sawa. Mama akasema angependa kumsikia. Tulizungumza wawili tu, wenzetu wakitazama vichekesho.

Hoteli "Verona" ikageuka hoteli ya upande wa ziwa Garda, zaidi ya nusu saa kwa basi. Viti vyenye namba vikageuka ngazi za mawe zisizo na namba, wahi ukae. Sizidharau ngazi zile, watu wengi wanazipenda na bei yake ni ya chini. Lakini niambie mapema! Zile ngazi ni ndefu, mtu wa kawaida anapandisha goti, na mama yangu goti la kulia linamsumbua. Milango inafunguliwa mapema na wajuzi wanawahi nafasi za chini, wamebeba mito yao ya kukalia na chakula chao. Sisi tulifika wakati nafasi za chini zimekwisha, kwa sababu ya muda tuliopoteza madukani na hotelini. Mama alipanda akishika bega langu, anapumzika kila baada ya ngazi chache, watu wanampisha. Juu kabisa mawe yalikuwa bado ya moto kwa jua la mchana. Nilimkodishia mto, akakaa, akasema, "Mwanangu, tumefika, tusinung'unike tena."

Na kweli tulinyamaza. Giza lilipoanza kuingia watu wakawasha vimshumaa mikononi, ni desturi yao, ukitazama chini uwanja mzima unametameta. Gongo, ile kengele ya sahani ya shaba, likapigwa. Onyesho likaanza saa tatu na nusu usiku. Ile sehemu ya pili, tarumbeta ndefu zilipolia za maandamano ya ushindi, mama alishika mkono wangu mpaka ukaniuma. Kwenye sehemu ya tatu, usiku kando ya mto Nile, Aida anaimba peke yake kuhusu nchi yake ambayo hataiona tena. Mama alikuwa anahesabu mapigo kwa kidole kwenye paja, kama afanyavyo kwenye mazoezi ya kwaya.

Sehemu hiyo haijaisha, simu ikatetemeka. Ujumbe wa mwenye safari kwenye grupu: "Wote tukutane nje sehemu hii ikiisha, basi haliwezi kusubiri, atakayechelewa atajitafutia teksi."

Nilidhani amekosea. Nikamwandikia kwamba bado sehemu ya nne. Akajibu, "Najua, ila dereva anataka kuondoka."

Wakuu, sehemu ya nne ndiyo Aida yenyewe. Mfalme, makuhani, tarumbeta, yote yale yanajengwa ili mfike pale. Radamès, jemadari wa Misri anayependana na Aida, anahukumiwa kuzikwa hai. Verdi alitaka jukwaa ligawanywe juu na chini: juu hekalu, chini kaburi. Wanamfungia jiwe, halafu gizani anagundua Aida ameshaingia kumsubiri afe naye. Wanaimba pamoja, taratibu, na juu yao Amneris, binti wa mfalme wa Misri, aliyempenda Radamès na kumwangamiza, anamwombea amani. Opera yenye kelele zote zile za ushindi inamalizika kwa sauti ya chini kabisa. Kwa mwimbaji wa kwaya anayejua ugumu wa kuimba pole pole bila kushuka sauti, hapo ndipo pa kusikiliza. Hapo ndipo tulipotolewa!

Kulikuwa na wazee, kulikuwa na mama mwenye mtoto mdogo, teksi mpaka Garda saa saba ya usiku ungelipa shilingi ngapi na ungeipata wapi? Tukashuka. Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda, gizani, watu wamekaa. Tulipokuwa tunakatiza Piazza Bra, ule uwanja wa wazi ulio mbele ya jengo, kulifuata basi tukaanza kuisikia okestra kwa nyuma. Mama akasimama. Nikamwambia, "Mama, twende, basi litatuacha." Akaniuliza, "Sasa yule kijana, wamemuua?" Nikamsimulia mwisho wa hadithi tukitembea.

Halafu kwenye basi tukakaa tukisubiri watu wawili waliopotea njia.

Usiku ule watu walimtukana dereva. Nataka niseme wazi kwamba dereva hana kosa hata chembe. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 561 ya mwaka 2006 inamtaka dereva wa basi apate mapumziko ya saa 11 mfululizo katika kila saa 24, na siku chache anaruhusiwa kushusha mpaka saa 9. Piga hesabu: ukimpa saa 9, zinabaki 15. Mtu aliyeanza kazi saa nne asubuhi, saa 15 zake zinakwisha saa saba usiku. Hata kama alilala kwenye kiti jioni nzima akitusubiri, mwisho wake haubadiliki. Ilibidi awe ameegesha hotelini saa saba, na hoteli iko mbali. Akivunja sheria hiyo anahatarisha leseni yake na maisha yetu. Nilizungumza naye asubuhi, mzee mstaarabu, akaniambia alimweleza mwenye safari wiki kadhaa kabla, akajibiwa "tutaona huko huko".

Kwa hiyo mwenye safari alijua. Aliuza onyesho lote huku ratiba yake ikionyesha kwamba haiwezekani kulimaliza. Angelipa dereva wa pili, tungemaliza. Angechukua hoteli ndani ya Verona kama alivyoandika, tungetembea kwa miguu na dereva angelala mapema. Angechelewesha kuondoka Munich kwa muda wa saa moja na nusu, bila kutupitisha madukani, tungemaliza. Njia zote tatu zilikuwepo. Alichagua hela.

Nilipomdai, majibu yake yalikuwa haya. Kwanza, "dada, mengi mliyaona". Pili, opera huwa ndefu, wengi walikuwa wamechoka. Tatu, na hili ndilo limenifanya niandike, akasema yeye si kampuni, alikuwa anasaidia Watanzania wenzake tu, kwa hiyo tusimletee mambo ya sheria.

Sheria inasema hivi. Mwongozo wa Ulaya namba 2015/2302 unahusu safari za kifurushi. Ukiunganisha usafiri na malazi ukauza kwa bei moja, wewe ndiye mwandaaji, na unawajibika kwa kila kilichoahidiwa, hata kama basi ni la mtu mwingine na hoteli ni ya mtu mwingine. Msamaha upo kwa anayeandaa mara moja moja, bila faida, kwa kikundi kidogo kinachojulikana. Anayetangaza kila msimu kwa yeyote mwenye pesa hawezi kujificha humo. Tena hapa Ujerumani mwandaaji hatakiwi kupokea hela yako kabla hajakupa hati ya dhamana, ile wanayoiita Sicherungsschein, kukulinda akifilisika. Nani kati yetu aliiona? Mteja akipewa pungufu ya alichonunua ana haki ya kupunguziwa bei, mradi atoe taarifa mapema. Mimi ujumbe wangu wa kulalamika una saa na tarehe, niliutuma nikiwa bado nimekaa kwenye ngazi za uwanja. Na madai haya yana miaka miwili, hayajapitwa na wakati.

Najua watakuja wa kusema "si umsamehe tu, ni ndugu yetu". Ndugu ndiyo maana tulimwamini bila kuuliza karatasi. Wazungu wanaenda Verona kwa mabasi kila majira ya joto, wanamaliza onyesho, wanalala. Sisi kwa nini turidhike na robo tatu?

Ninachodai: arudishe sehemu ya bei kwa kila abiria, kwa ajili ya viti, hoteli, mwongozaji na sehemu ya nne. Na aliondoe lile tangazo jipya mpaka aandike wazi jina la biashara yake, hoteli gani, ngazi gani, madereva wangapi, na saa ya basi kuondoka Verona baada ya onyesho.

Kama umeshalipia ya msimu ujao, muulize hayo kwa maandishi leo. Muulize na mvua, maana ule uwanja hauna paa, na onyesho likishaanza halafu mvua ikalikatisha, tiketi hairudishwi hela.

Waliokuwa kwenye basi lile, niandikieni faragha mkiwa na risiti na picha ya tangazo. Barua yangu kwake imeshaandikwa kwa Kijerumani, inakwenda Ijumaa kwa rejista, na nimemwekea siku 14. Nataka iwe na majina yetu wote.