Fomu ya kuomba nyumba inataka anwani ya nyumba!! Hizi sera zinaandikwa na nani?

Wakuu nina hasira hapa nilipo naandika mikono inatetemeka. Leo nimemsindikiza jamaa mmoja, mtu mzima, analala nje mwaka wa sita huu, kwenda kujaza fomu ya mpango wa makazi wa serikali. Swali la tatu: anwani ya makazi. Tukaandika HANA. Dada wa dirishani akaturudishia, eti haijakamilika. Nikamwambia dada yangu, angekuwa na anwani angekuja hapa kufanya nini? Kanijibu majibu mtayapata kwa barua.

Sasa hii sio fomu tu, sera nzima ndio imejengwa hivyo hivyo, unatakiwa uwe nacho tayari kile unachokuja kuomba. Wanaita ngazi. Unaanzia bweni la dharura, ukionyesha tabia nzuri unapandishwa chumba cha muda, uache pombe, umeze dawa zako kwa wakati, vikao vyote uhudhurie, halafu hukooo juu labda upewe funguo. Ukiteleza mara moja unaporomoka mpaka chini unaanza moja. Jamani kuna mtu kati yetu ameshawahi kuacha hata sigara tu huku kila usiku analalia viatu vyake visiibwe?

Na msiniambie dawa haijulikani. 1992 kule New York mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha Pathways to Housing akaigeuza hiyo ngazi kichwa chini miguu juu, mtu mgonjwa wa akili anatolewa barabarani anapewa nyumba moja kwa moja, matibabu na mengine yanamfuata humo humo ndani. Ikaitwa Housing First, yaani nyumba kwanza. Canada wakaijaribu 2009 mpaka 2013 kwenye miji mitano, watu zaidi ya 2,000, tena kwa kuwagawa makundi mawili kwa bahati nasibu, kama jaribio la dawa. Miezi sita ya mwisho waliopewa nyumba kwanza asilimia 62 walikuwa na pa kuishi muda wote, wenzao wa huduma za kawaida asilimia 31. Mara mbili!! Finland ndio wakaacha maneno kabisa, kuanzia 2008 wakawa wanageuza mabweni kuwa nyumba za kupanga, pale Helsinki bweni la Jeshi la Wokovu lenye vitanda 250 likawa nyumba 81, kila mtu na mkataba wake na mlango wake anaufunga mwenyewe. (Sisemi Finland ni peponi, 2024 idadi yao imepanda tena baada ya miaka mingi ya kushuka, wamekata ruzuku za kodi ya nyumba walitegemea nini.)

Wengine wao wanamaliza tatizo kwa kalamu. Jimbo la Utah huko Marekani walitangaza 2015 kwamba wasio na makazi wa muda mrefu wamepungua zaidi ya asilimia 90, dunia nzima ikapiga makofi, baadae ikajulikana sehemu kubwa ya huko kupungua ni namna ya kuhesabu ilibadilishwa. Na hata hilo neno "muda mrefu" lina mitego yake, Marekani lazima uwe na ulemavu au ugonjwa wa kudumu HALAFU uwe nje mwaka mzima, au mara nne ndani ya miaka mitatu zikijumlishwa zitimie miezi 12. Uko mwezi wa tisa? Subiri uoze vizuri kwanza. Unalala kwenye kochi la rafiki? Huhesabiki. Na ukilazwa au ukifungwa siku 90 kwenda juu hesabu inakatika, unatoka huna pa kwenda vilevile ila kwenye karatasi wewe ni mgeni wa shida.

Halafu sasa unganisha na hii. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya huko huko Marekani, majaji 6 kwa 3, kwenye kesi ya mji wa Grants Pass, ilisema miji inaweza kumwadhibu mtu kwa kulala nje hata kama bweni hakuna. Kwahiyo anapigwa faini, hana cha kulipa, mwisho wa siku anaingia ndani, anatoka na rekodi ambayo hakuna mwenye nyumba ataikubali. Ikafika Julai 2025 Ikulu yao ikaagiza hiyo nyumba kwanza iache kuungwa mkono kabisa, turudi kwenye tibiwa kwanza. Tibiwa halafu urudi kulala wapi, kwenye boksi lako lile lile?

Mimi sijasoma hayo masuala ya sera, nimebeba tu mfuko wa jamaa mpaka dirishani. Kesho tunarudi tena saa mbili asubuhi. Kama kuna mdau anafanya kazi kwenye hizo ofisi aniambie, pale kwenye kisanduku cha anwani tuandike nini?