MREJESHO: Kuongea na simu kwa Kihindi hapa Delhi

Wadau nimerudi. Niliuliza nitaongeaje na simu kwa Kihindi maana nimemleta mama Delhi kwa matibabu, na dereva wa teksi akipiga ilikuwa lazima nimtafute mlinzi wa geti aniongelee. Asanteni sana jamani. Yule aliyesema nikariri sentensi za simu tu, sarufi baadaye, Mungu akubariki, imefanya kazi. Nikipokea nasema "haan ji, boliye" (ndiyo, sema), nikipiga najitaja "main Neema bol rahi hoon" (ni Neema naongea), mwanaume yeye aseme "bol raha hoon", na wakikimbiza maneno nawaambia "dheere boliye" (ongea polepole) na kweli wanapunguza. Mtandao ukisumbua ni "awaaz nahi aa rahi" (sauti haifiki), hii ndo naitumia kuliko zote.

Kilichogoma ni namba. Chini ya mia karibu kila moja ina jina lake la kukariri, huungi kama ishirini na tano yetu, kwa hiyo mtu akinitajia bei au namba ya nyumba naachwa, namwomba anitumie WhatsApp. Ushauri wa kusikiliza redio bado sijaujaribu, mama ndo kwanza katoka wodini.