Ushauri: Santuri ya Homework ya Daft Punk, nichukue ya 1997 au ya 2022?

Mpenda_Besi: Wakuu, habari za jioni. Dada yangu yuko Paris, anarudi Dar mwezi ujao, na nimemwomba aniletee Homework, albamu ya kwanza ya Daft Punk, wale Wafaransa wawili wa muziki wa dansi. Naipenda tangu sekondari. Kapata mbili: ya awali ya 1997 iliyotumika, muuzaji anaitaka karibu mara tatu ya bei ya mpya, na ile iliyotolewa tena 2022 kwa kutimiza miaka 25, bado iko kwenye nailoni. Moyo unataka ya zamani. Ipi itanipa sauti nzuri?

Sindano_Kali: Mkuu, kwanza ujue hiyo ya zamani ilikuwa mikononi mwa nani. Dijei akitafuta pa kuanzia huivuta santuri mbele na nyuma huku sindano iko juu yake, na mfereji inamopita sindano hulika palepale. Dada asikilize sekunde za mwanzo za kila wimbo. Akisikia mkwaruzo pale kisha unapungua, hiyo imechoka hata kama inang'aa.

Mama_Santuri: Sindano_Kali, hapo nakukubali nusu. Klabuni madijei wengi walipiga singo za inchi 12, albamu ilibaki nyumbani. Singo ina upande mzima kwa wimbo mmoja au miwili, mifereji imepanuka, besi inashiba. Homework ina nyimbo 16, dakika kama 74, kwa pande nne za sahani mbili. Gawanya uone: zaidi ya dakika 18 kila upande, mifereji inabanana. Ndiyo maana sauti yake huwa chini kidogo ya singo, na watu wanalilaumu toleo jipya bure. Bangalter na Guy-Manuel, hao wawili wa Daft Punk, walikuwa wanarekodi nyumbani, nia yao ikiwa singo tu. Nyimbo zilipokuwa nyingi ndipo wakapata albamu, na mfuatano wake wakaupanga kwa pande nne za santuri. Raha hiyo ya kugeuza sahani na kuanza upya unaipata hata kwa ya 2022. Unapigia mashine gani, mwanangu?

Mpenda_Besi: Shikamoo mama. Ile ya kisanduku ya kubeba, spika zimo humohumo.

Mama_Santuri: Marahaba. Basi chukua ya 2022, wala usisite. Visanduku vingi vya hivyo hukandamiza santuri kwa gramu tano hivi, wakati mashine nzuri inatosheka na mbili. Ya 1997 utaimaliza mwenyewe. Hela inayobaki tafutia mashine ambayo uzito wa mkono wake ubebao sindano unarekebishika, hata ya mtumba.

Begi_la_Mkononi: Nyongeza kuhusu safari. Dada aifungue nailoni, sahani zikae nje ya kava, kila moja kwenye mfuko wake wa ndani. Zikibaki ndani hugonga ukingo wa kava na kuupasua. Abane kila kitu kati ya kadibodi mbili ngumu, apande nayo ndege mkononi. Ikifika Dar, msiiache kwenye gari juani hata mkienda dukani mara moja.

Mpenda_Besi: Asanteni sana, namwambia achukue ya 2022. Kariakoo kuna fundi wa mashine hizi?

Sindano_Kali: Njoo inbox, yupo mmoja namwamini. Ukienda beba na sindano ya zamani, atalinganisha nayo.