Kama mama alishaungama na kusamehewa, roho yake inatakaswa nini tena?

Binti_Kimara
Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Mama yangu alifariki mwaka jana, aliungama vizuri, akapata mpako wa wagonjwa na komunyo, padre akatuambia tuwe na amani. Sasa Novemba hii, mwezi wa kuwaombea marehemu, shangazi anasisitiza nitoe nia za misa kila wiki, yaani misa isomwe kwa kumwombea mama, roho yake itakaswe, na kazini kuna mpendwa mlokole ananiambia kufanya hivyo ni kama kusema damu ya Yesu haikutosha. Mimi Mkatoliki wa kuzaliwa ila jibu sikuwa nalo. Kama Mungu ana huruma na ameshasamehe, kinachobaki kusafishwa ni nini?

Katekista wa kigangoni
Milele amina dada, pole sana na msiba. Kwanza toa hofu, toharani, yaani kule kutakaswa baada ya kufa, sio jehanamu ndogo, walioko huko wokovu wao ni wa uhakika, soma Katekisimu namba 1030. Hakuna anayesema mama hajasamehewa. Ila kusamehewa ni kitu kimoja na kupona ni kingine. Mwangalie Daudi kwenye 2 Samweli 12, Nathani anamwambia palepale Bwana ameiondoa dhambi yako, na bado huyohuyo Daudi kwenye Zaburi 51 analia aoshwe, aumbiwe moyo safi, kwa sababu anajijua, ile tamaa iliyomchukua mke wa mtu na ule ukatili uliomuua Uria vina mizizi na anataka ing'olewe. Mimi naona hapo ndo huruma ya Mungu ilipo kubwa zaidi, haishii kukufutia kosa halafu akuache na moyo uleule.

Mlutheri_Bukoba
Bwana Yesu asifiwe. Sisi toharani hatuikiri, yule mhalifu msalabani aliambiwa leo hii utakuwa pamoja nami peponi basi, na 1 Yohana 1:7 inasema damu inasafisha dhambi yote. Lakini utakaso tunaujua sana. Wazee wetu wa ule uamsho uliotokea Gahini Rwanda miaka ya 1930 ukaja mpaka huku, walikuwa wakiokoka wanatubu mbele za watu na kurudisha walivyoiba, wakiamini wameshasamehewa kabisa. Kwetu kazi hiyo ni ya hapahapa duniani. Dada nakuomba kitu kimoja tu, usiombe kwa woga ukidhani Mungu anamtesa mama yako mpaka ulipe.

Katekista wa kigangoni
Hapo kwenye woga naungana na wewe mtumishi kabisa. Na hakuna bei ya kumtoa mtu toharani, Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563 ulipotamka kwamba toharani ipo ulikataza hapohapo ushirikina na tamaa ya pesa kwenye jambo hili. Kuhusu moto, Mtume Paulo 1 Wakorintho 3:15 anasema mtu ataokolewa lakini kama kwa moto, na Papa Benedikto wa 16 mwaka 2007 alieleza kwamba wapo wanateolojia wanaoona moto huo ni Kristo mwenyewe, kukutana naye uso kwa uso kunaunguza uongo wote ndani yetu na maumivu hayo ndiyo yanatuponya. Hayo sio mateso ya kulipiza kisasi. Na dada, Monika mama yake Mtakatifu Augustino akiwa anakufa kule Ostia mwaka 387 aliwaambia wanawe wasihangaike na mahali pa kumzika, wamkumbuke tu kwenye altare ya Bwana. Mama mtakatifu vile na bado aliomba akumbukwe. Kumwombea mama ni kuendelea kumpenda tu.

Binti_Kimara
Asanteni sana, nimesoma huku nalia. Kuna kingine naomba niulize, mama alifariki hawaongei na baba mdogo kwa sababu ya kiwanja, miaka mingi tu, na kusema ukweli kuna maneno mama alisema ambayo hayakuwa ya haki. Kwenye kitubio naamini aliyasema ila kwa baba mdogo hakuwahi kwenda. Naweza kwenda mimi?

Mlutheri_Bukoba
Nenda dada.

Katekista wa kigangoni
Nenda, tena kabla mwezi haujaisha. Zakayo Yesu alishaingia nyumbani kwake ndo akaanza kurudisha mara nne. Kidonda alichoacha mama kwa shemeji yake na wewe unaweza kukifunga, usijitetee wala usimtetee mama, omba msamaha kwa niaba yake. Akikubali mwambie mtoe hiyo nia ya misa pamoja.