Tupeane uzoefu: waliosikiliza ile podikasti ya kuwinda ndege kwa mbwa, njooni na visa vyenu

Mwana wa Muyuni:

Asalaam aleikum ndugu zangu. Kuna podikasti moja ya Wamarekani inazunguka kwenye simu za wasasi wa Kusini Unguja, wanazungumzia kuwinda ndege kwa mbwa. Mimi niliipata kwa mpwa wangu. Kiingereza nakisikia kwa sababu ya kazi ya kutembeza wageni, basi asubuhi nikipanda gari ya 310 kwenda mjini naiweka sikioni mpaka nafika. Najua humu wengi mnaisikiliza au mmehadithiwa. Semeni mlivyoiona, na mbwa zenu mnakwenda nao vipi.

Mimi vipindi vya bunduki navipita. Sisi kwetu ni mkuki, wavu na mbwa, na mara nyingi tunayemfuata ni nguruwe aliyemaliza mihogo ya watu. Nilichokikuta humo kikanishika ni mazungumzo na daktari wa mifugo kuhusu mbwa na joto.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, kaskazi imekaza, tulitoka Muyuni kuingia maweni ya upande wa Mtende. Mbwa walikuwa sita. Wangu alikuwa jike mwekundu, mwembamba, akiitwa Tabu. Nguruwe alimfukuza kama wenzake, lakini kipaji chake kilikuwa kwale. Akipata harufu ya kwale anasimama pale pale, mguu mmoja wa mbele juu, mkia umenyooka, hageuki hata ukimwita. Hakuna aliyemfunza. Hao wa kwenye podikasti wana kabila zima la mbwa wanaozalishwa kwa ajili ya kusimama namna ile, na wanawanunua kwa pesa nyingi. Mimi nilikuwa naye nyumbani nikidhani ni tabia yake tu.

Tulianza saa mbili na nusu, tumechelewa. Mnayajua maweni yetu: mvua ikinyesha maji yanazama kwenye jiwe, juu halibaki hata tone la kuku. Nilikuwa na chupa moja ya maji, nikainywa yote mimi. Kwenye saa sita Tabu akaanza kupepesuka miguu ya nyuma. Ulimi umetoka wote, umetanuka ncha kama kijiko, mwekundu wa kuiva. Mate yalikuwa mazito kama uji wa muhogo, yananing'inia wala hayadondoki. Akatapika povu. Wakubwa wakasema amechoka, muache apumzike. Nikamuweka kivulini, nikaondoka na wenzangu. Lilipolia baragumu akainuka kutufuata. Alikwenda hatua kumi labda.

Sasa yule daktari akawa anazitaja dalili moja moja: ulimi, mate, kupepesuka, kutapika. Kwa mpango ule ule niliouona. Akasema mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na kidogo sana kwenye nyayo. Joto lake la kawaida ni kama 38 mpaka 39, likivuka 41 yuko hatarini, na hapo kumuacha alale kivulini hakutoshi, anataka maji ya kumwagiwa tumboni, kwenye mapaja na nyayo, tena apepewe. Nilishuka Kitogani, kituo si changu, nikakaa chini. Ile chupa yangu ingetosha.

Basi hicho ndicho changu. Leteni vyenu.

Mpemba wa Konde:

Pole sana yakhe. Sisi huku mbwa wa kusaka ndege hatuna, kwale tulimtega kwa kitanzi tangu tuko skuli, na ninga kwa ulimbo wa mfenesi. Mbwa ni wa kulinda shamba. Mimi podikasti imenichosha kidogo, maana kila baada ya maneno mawili wanatangaza mikanda ya shingo inayompiga mbwa shoti kwa rimoti. Mbwa wa kupigwa shoti mimi simtaki.

Lakini kipindi cha chanjo nilikipenda. Huku Pemba kichaa cha mbwa tumekijua kwa macho. Kiliondoka, kikarudi 2016, kikaondolewa tena kwa kuwachanja mbwa kijiji kwa kijiji. Nilimpeleka wangu kiwanjani kwa kamba ya katani, watu wamejaa, kila mtu na mbwa wake, na wengine wamewabeba ndani ya makapu. Hapo ndipo nilipojua mtaa wetu una mbwa wangapi, na kwamba karibu kila mmoja ana mtu anayemjua kwa jina.

Ustadhi wa Makunduchi:

Wa aleikum salaam. Mwana wa Muyuni, Mwenyezi Mungu akufidie. Niseme moja, kwa sababu najua wako watakaoingia hapa kuuliza mbona Waislamu tunajadili mbwa.

Kuwinda kwa mbwa kumo ndani ya Qur'ani, Suratul Maida aya ya 4: tumehalalishiwa kula wanachotukamatia wanyama tuliowafunza, na tutaje jina la Mwenyezi Mungu. Na hadithi ya Adi bin Hatim, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, inafafanua. Mtume (s.a.w.) alimwambia: ukimtuma mbwa wako aliyefunzwa ukataja jina la Mwenyezi Mungu, basi kula alichokukamatia. Akiwa amekula yeye, usile, kwani amejikamatia nafsi yake. Na ukikuta mbwa mwingine pamoja na wako, usile, kwa sababu jina ulilitaja kwa mbwa wako, hukulitaja kwa yule.

Maulamaa wetu wa Shafi wakaeleza mbwa aliyefunzwa ni yupi. Ukimtuma huenda, ukimkataza husimama, akikamata hali, na hayo yarudie mpaka ijulikane kuwa ndiyo tabia yake. Sasa mimi kijana wangu alinitafsiria kipindi kimoja, yule bwana anaeleza anavyompima mbwa kabla ya kumtoa porini: asimame mpaka atumwe, arudi akiitwa, alete ndege mdomoni bila kumtafuna. Nilimwambia kijana aisimamishe simu. Mtu yuko Marekani, wala sidhani kama anaijua hata bismillahi, na anaeleza masharti tuliyoyasoma madrasa.

La tohara nalo lisisahauliwe. Kwa madhehebu yetu pale penye jino la mbwa paoshwe mara saba, moja kwa udongo. Si kazi kubwa, udongo uko kila mahali. Kinachoniuma ni watu kuchukua hukumu ya najisi wakaifanya ruhusa ya kumpiga mbwa mawe. Hilo halimo. Aliyemo ni yule mwanamke mzinifu aliyemchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake akasamehewa.

Kijana wa Mtende:

Mimi nimejaribu la viatu. Kwenye podikasti walisema huko jangwani wanawavisha mbwa viatu kwa sababu ya miiba. Wangu kila tukitoka maweni anarudi analamba nyayo, jiwe linamkata. Nikachukua mpira wa ndani wa baiskeli, nikakata vipande vya urefu wa kidole, nikavifunga kwa kitambaa juu ya kifundo, nisikaze. Siku ya kwanza alitembea kama anakanyaga makaa. Siku ya tatu alizoea. Viwili vinapotea kila safari lakini nyayo zimepona.

Mama Mpunga wa Cheju:

Nyote mnasifu mbwa, na mimi nina neno la mkulima. Nimelelewa kwenye dungu, nikiamia ndege tangu alfajiri, na kwale namjua kwa sauti kabla hajaonekana. Kipindi kilichonigusa ni cha kware wa kwao, kwamba uwindaji una miezi yake, na wakati ndege ana makinda mbwa wanazuiliwa wasitembezwe ovyo maporini. Nilimwambia mume wangu, unaona? Sisi mbwa wetu wanazurura mwaka mzima. Nimekuta kiota cha kwale pembeni ya tuta langu, mayai tisa, kesho yake maganda. Nyayo za mbwa zimezunguka pale pote.

Najua mtanijibu kunguru ndiye mwizi. Kweli, kunguru hawa wa India walioletwa miaka ya 1890 wale taka za mji, wamemaliza makinda ya kila ndege, vifaranga vyangu navifunika tenga mpaka wakomae. Lakini kunguru hana mwenyewe wa kumwita. Mbwa anaye.

Mwana wa Muyuni:

Mama, neno lako nimelichukua. Kwetu mbwa hufungwa siku ya msako inapokaribia tu, tena kwa ajili ya kumtia njaa awe mkali, na hilo nalo yule daktari alilikataa: mbwa mwenye njaa ya siku mbili hana nguvu za kuhimili joto.

Mzenji wa Ughaibuni:

Niko Uingereza mwaka wa kumi na moja. Jirani yangu mzee alinichukua kwenye kazi ya kufukuza ndege, mnajipanga mstari shambani na fimbo zenye vibendera, mnapiga vichaka, ndege wanaruka kuelekea kwa wenye bunduki. Ndege wenyewe ni fezanti, jamii ya kwale wenye mkia mrefu, msimu wao kule nilipo unaanza tarehe 1 Oktoba mpaka tarehe 1 Februari, basi. Baridi ya kukata masikio.

Nyuma ya bunduki wanakaa watu na mbwa weusi aina ya Labrador, kazi yao ni kuokota tu. Nilimuona mmoja amekaa zaidi ya nusu saa, ndege wanaanguka kulia na kushoto, risasi zinalia juu ya kichwa chake, anatetemeka mwili mzima na hainuki. Mwenyewe akatamka jina lake mara moja, kwa sauti ya mtu anayezungumza mezani. Akatoka kama mshale, akarudi na fezanti yuko hai, hakuna unyoya uliovunjika. Nilikumbuka sisi tunavyowapigia mbwa kelele porini, kila mtu na jina lake, mpaka mnyama anajua tuko wapi wote.

Podikasti ninaisikiliza kazini. Kilichonishangaza ni kwamba fezanti kwa Wamarekani ni mgeni pia, alitolewa China akaachiwa Oregon mwanzoni mwa miaka ya 1880, na leo hii wanamlinda kama wao. Na tangu 1937 kodi ya bunduki na risasi inarudi kutunza wanyama na mapori yao kwa sheria.

Bin Kizimkazi:

Kuna mtu hapa amewahi kutibu mbwa anayeogopa mlio? Wangu sikukuu ya Idi fataki zikianza anajichimbia chini ya kitanda cha kamba mpaka kesho. Podikasti ilisema uanze mbali, tena wakati anakula. Nimemuweka mwanangu nyuma ya nyumba ya jirani anapiga sufuria mara moja tu, mbwa anakula dagaa huku. Wiki ya kwanza alinyanyua kichwa. Sasa mwanangu yuko karibu na banda la kuku na mbwa hanyanyui. Nitaleta habari Idi ikifika.

Mlinzi wa Msitu:

Nimesoma yote. Naomba kitu kimoja kwa wasasi. Mbwa asiyesimama akikatazwa hatofautishi nguruwe na paa nunga. Paa nunga duniani kote kabaki sehemu chache, Unguja hapa na pwani kidogo ya Kenya, na sheria inamlinda. Nimewahi kumtoa mmoja mdomoni mwa mbwa wawili, jike, ana mimba. Msasi alilia, wallahi, alikuwa anawaita mbwa zake na hawamsikii. Hilo la kumfunza mbwa kusimama mnaloliona la wageni, kwangu ndilo kubwa kuliko yote mliyoyataja.

Mwana wa Muyuni:

Mlinzi, ndiyo ninalolianza. Nimechukua mjukuu wa Tabu kwa rafiki yangu wa Kibuteni, dume, ana miezi saba. Sijampa mnyama yeyote bado. Kila jioni namuweka sahani mbele, namwambia "simama", nahesabu. Nilianza na tano, leo amefika arubaini, mate yanamtoka na macho ananitazama mimi, haitazami sahani. Nikisema "haya" ndipo anakula.

Jumapili tulitoka saa kumi na moja na nusu, nyota bado zipo. Mkuu wetu wa wasasi alikubali tugeuze saa tatu, baada ya kumsikilizisha kipande cha daktari nikimtafsiria. Nilibeba dumu la lita tano begani, na vifuu vitatu vya nazi mfukoni. Kila tulipopumzika mbwa walipewa kwanza. Nguruwe hatukupata. Kwale walilia upande wa kulia, na mjukuu wa Tabu akasimama, mguu wa mbele juu.

Sikumtuma. Nilimwaga maji kwenye kifuu nikampelekea pale pale aliposimama.