Tupeane uzoefu: muvi zilizozigeuza hadithi za utotoni kuwa za kutisha

mwana_barani (Malindi)

Wadau, hamjambo. Uzi huu umetokana na mama mmoja aliyeingia saibani kwangu wakati wa likizo, flashi mkononi. "Nitilie ile ya dubu wa asali, watoto wananisumbua nyumbani." Nikamuuliza, dubu yupi mama, maana siku hizi wako wawili. Yuko yule wa katuni mwenye fulana nyekundu, halafu yuko wa *Winnie-the-Pooh: Blood and Honey* ya 2023, jitu lenye uso wa dubu linaloua watu msituni. Nikamwonyesha kipande kidogo tu. Alimwita Mola wake, akachagua katuni ya samaki, akaenda zake.

Kwa wasiojua, kisa chenyewe ni cha sheria na hela. Kitabu cha A. A. Milne chenye dubu huyo kilitoka 1926. Marekani kitabu cha enzi hizo hulindwa na hakimiliki kwa miaka 95, kwa hiyo tarehe 1 Januari 2022 ulinzi ukaisha, na Mwingereza mmoja, Rhys Frake-Waterfield, hakungoja adhuhuri. Alipiga picha kwa siku kama kumi, kwa bajeti isiyofika dola 100,000, na muvi ikaingiza zaidi ya dola milioni 5. Fulana nyekundu hakuigusa kwa sababu ile ni ya Disney. Chui milia Tigger hakumtia kwa sababu alitokea kwenye kitabu cha 1928, ikabidi asubiriwe hadi sehemu ya pili, 2024. Ile ya kwanza ikazoa tuzo tano za Razzie, zile wanazopewa waliofanya vibaya kuliko wote. Mimi niliona inachosha kuliko inavyotisha.

Sasa nataka visa vyenu. Mliangalia nini katika jamii hii, mlikuwa na nani, na kulitokea nini? Uhakiki wa kunakili sitaki.

mkaa_langoni (Lamu)

Huku kwetu Amu damu haikuwa shida. Shida ilikuwa punda.

Muvi hiyo uliyoitaja, mtoto wa dada yangu aliiona darini kwenye simu ya binamu zake wakubwa. Babake anabeba mchanga na matofali kwa punda, kwa hiyo punda kwake ni kama mtu wa nyumbani. Sasa mwanzoni kabisa kuna picha za kuchorwa: yule kijana Christopher Robin anaondoka kwenda kusoma, baridi inaingia, wanyama aliowazoesha kulishwa wanakosa chakula, njaa inawazidi, wanamla Eeyore. Yule punda mwenye huzuni! Mtoto akasimama. "Wamemla punda?" Wakubwa wakacheka. Hayo mauaji yaliyofuata nadhani hata hakuyaona, maana alikuwa ameshashuka ngazi kwenda kuhakikisha wetu yuko.

Asubuhi hakutaka punda atoke. Alikuwa amemwekea pumba, maganda ya ndizi, na nusu ya mkate wake. Nikamweleza kwamba ule ni uso wa mpira na rangi, kwamba wale ni waigizaji wanaolipwa. Ananitazama tu. Kisha akauliza lile lililokuwa moyoni: "Mjomba, na siswi tukikosa chakula?" Nimekwama. Mamake akiwa jikoni akajibu bila kugeuka, "Nyama ya punda ni haramu, mwanangu. Hata tufe na njaa yeye haliwi." Mtoto akashusha pumzi, akaenda chuoni.

dogo_shela

😂😂 Fat'wa imemaliza kazi.

mtembeza_wageni (Malindi)

Kwetu Malindi ukitaja Pinocchio lazima uwe mwangalifu, maana Waitaliano ni wengi na kila mmoja anayo yake. Mimi nilisimuliwa na mzee mmoja Mtaliano niliyekuwa nikimpeleka Marafa kuona lile korongo. Nilimwambia naijua, ni kile kikaragosi cha pua ndefu na rafiki yake chenene anayeimba. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia huyo chenene katika kitabu cha Carlo Collodi anauawa mapema sana: anatoa nasaha, Pinocchio anamrushia nyundo ya mbao, kwisha. Pinocchio mwenyewe analala miguu juu ya jiko la makaa, inaungua yote miwili. Hadithi ilianza kutoka katika gazeti la watoto mwaka 1881 vipande vipande, na Collodi aliikatisha pale mbweha na paka wanapomning'iniza Pinocchio kwenye mwaloni. Mwisho. Watoto wakalala na hiyo! Wasomaji wakadai iendelee, ndipo kikapatikana kitabu kizima mwaka 1883.

Kwa hiyo nilipoiona ile ya Guillermo del Toro ya 2022, iliyochukua Oscar ya katuni mwaka uliofuata, sikushangaa kwamba ina mauti ndani. Nilishangaa kwamba iliheshimu huzuni. Ni vikaragosi vya kweli vilivyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Ameipeleka Italia ya enzi za dikteta Mussolini. Mzee Geppetto anafiwa na mwanawe kwa bomu lililoangukia kanisa, na usiku mmoja akiwa amelewa anaukata msonobari na kumchonga mtoto mwingine kwa hasira.

Baba yangu ni mchongaji. Niliiweka tukaiangalia pamoja, nikidhani ataguswa. Wapi! Kuanzia pale alipoona patasi, ni kulalamika tu. "Anachonga mti mbichi? Huo utapasuka kabla ya Ijumaa." "Ameshika nyundo kama anaua nyoka." Ikafika mahali Geppetto anamwambia Pinocchio kwamba amekuwa mzigo kwake. Hapo kimya. Nikageuka kumtazama, nikijua kuna siku na mimi nimeambiwa vivyo hivyo, na anajua nakumbuka. Akasema, "Na mtoto mwenyewe amezidi utundu. Ningekuwa mimi ningesema zaidi." Halafu akaomba tuirudie sehemu hiyo, akidai hakusikia vizuri.

mwana_barani

Mzee wako aje hapa atufanyie uhakiki wa kila muvi. Nawalipia bando wote wawili.

somo_wa_maweni (Malindi)

Mimi kazi yangu ni kupamba maharusi, na muvi iliyonikosesha usingizi ni ya Norwe ya 2025, *The Ugly Stepsister*. Ni Cinderella, lakini ameachiwa pembeni. Tunamfuata dada yake wa kambo, Elvira, ambaye mamake anamtaka aolewe na mwana wa mfalme kwa gharama yoyote. Tuliiangalia mimi na wasichana wangu wawili huku tukikoroga piko. Daktari anamvunja pua kwa patasi ili aitengeneze upya. Kope anashonewa kwa sindano jichoni. Ili apungue, anameza yai la tegu. Ndiyo, tegu, yule mnyoo! Msichana wangu mmoja aliacha bakuli akakimbilia nje. Mwishoni kiatu kinapokataa kuingia, vidole vinakatwa kwa kisu cha jikoni.

Watu wakasema Wazungu wamerogwa kubuni hayo. Hawakubuni. Katika kitabu cha hadithi cha ndugu Grimm wa Ujerumani, kilichoanza kutoka 1812, dada mmoja anakata kidole gumba na mwingine anakata kisigino, na njiwa wawili ndio wanaomtonya mwana wa mfalme kwamba kiatu kina damu. Hiyo tuliyozoea yenye kiatu cha kioo na msamaha ni ya Mfaransa Perrault, ya 1697. Kwa hiyo filamu hii imerudi kwa Grimm, haikwenda kokote kwingine.

Kilichonikosesha usingizi ni kwamba mimi vile viatu navijua. Nilimpamba bibi harusi mmoja aliyenunuliwa viatu na shangazi aliyeko Ulaya, vya dhahabu, vidogo kwake. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake. Nikampaka mafuta ya nazi kisiginoni, nikasukuma, akaniuma bega ili asipige kelele. Mamake amesimama mlangoni na chetezo cha udi, ananiambia, "Sukuma, somo, vitalegea tu." Watu walipiga vigelegele alipotokea. Kabla ya hapo alikuwa amepaka krimu mwezi mzima mpaka shingo ikamtoka malengelenge, nami nikafunika kwa poda. Sasa nikimwona mama yule wa Elvira na kisu mkononi, mnataka niseme ni ushetani wa Norwe?

Siku hizi nauliza saizi ya viatu kabla sijapokea arubuni.

baharia_mstaarabu

Mada nzuri, ila tusipakwe mafuta kwa mgongo wa chupa. Wengi wao wanatafuta hela. Bambi, yule swala wa katuni, naye ameshageuzwa muuaji, *Bambi: The Reckoning*, 2025. Peter Pan hivyo hivyo mwaka huohuo. Kesho watamchukua sungura wa vitabu vya gredi ya kwanza wampe panga. Ukitoa jina la yule mnyama, muvi ni ileile: vijana wanne, nyumba msituni, taa inazimika.

mama_wa_watatu (Mokowe)

Baharia yuko sawa kwa hizo za dubu na swala. Lakini mimi nina ugomvi wa zamani na hadithi hizi, na si kwa sababu ya damu. Mimi ni mama wa kambo. Nimewakuta watoto wawili, mdogo akiwa hajaota meno yote. Kila katuni iliyoingia nyumbani, mimi ndiye mchawi. Snow White, mimi. Cinderella, mimi. Hansel na Gretel, mimi ndiye ninayewapoteza msituni kwa kukosa mkate. Shuleni yule mkubwa aliwahi kuulizwa na wenzake kama huwa namnyima chakula.

Kisha mwalimu mmoja akaniambia jambo ambalo nusura nimbusu. Katika toleo la kwanza la Grimm, lile la 1812, anayetaka kumuua Snow White ni mama mzazi. Anayewaacha Hansel na Gretel ni mama mzazi. Matoleo ya baadaye ndiyo yaliyombadilisha akawa wa kambo, ili jina la mama lisiharibike. Karne mbili tunabeba mzigo wa mtu mwingine!

Niliitafuta *Gretel & Hansel* ya 2020 kwa ajili hiyo, nione safari hii nani atabebeshwa. Humo mama anawafukuza nyumbani akiwa na shoka mezani, na hapakuandikwa kambo popote. Nilipiga meza. Binti yangu mkubwa, sasa yuko fomu tatu, akaniambia, "Mama, unashangilia watoto kutupwa?" Nikamwambia nyamaza, hujui nimengoja kwa muda gani. Muvi yenyewe inakwenda polepole, giza tupu, ukiiangalia mchana pazia likiwa wazi huoni kitu.

mwl_mstaafu_amu (Lamu)

Nawasoma kwa raha, wanangu, lakini mnazungumza kana kwamba giza limekuja na meli. Nani hapa hakusimuliwa ya msichana aliyesahau kombe lake ufuoni, zimwi likamtia ndani ya ngoma, likawa linazunguka miji likimpiga aimbe? Mimi nilisimuliwa stima hakuna, kibatari kimoja, na nyanya anaimba ule wimbo kwa sauti ya mtoto aliye ndani ya ngoma. Kisha anasema, "Fumba mato ulale." Ulale na nini?

Chukueni ya Sultani Darai, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 katika hadithi alizozikusanya Unguja. Maskini anayechakura jaani ananunua paa. Paa anamwoza binti wa sultani, anamuua joka la vichwa saba, anampa jumba. Paa anapougua, tajiri huyo mpya anaagiza apikiwe uji wa mtama, chakula ambacho hata watumwa wa nyumba ile wanaona haya kumpelekea. Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani. Tajiri analala, anaamka yuko jaani, anachakura. Niliwasomea darasa la saba, na mtoto mmoja akakataa kutoka nje wakati wa mapumziko mpaka nimwambie paa alifufuka. Sikumwambia.

Na Fumo Liyongo je? Mnamwona kwenye kitabu cha shule, jitu shujaa, mkate wa wishwa wenye tupa ndani, minyororo inakatwa ngoma zikilia. Hapo watoto hupiga makofi. Someni mpaka mwisho katika utenzi wa Muhamadi Kijumwa, mtu wa hapa hapa Lamu, wa 1913. Mwana wake wa kumzaa, kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme wa Pate, anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa amelala. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kupiga goti karibu na kisima, mshale tayari, na anafia hapo hapo bila kuanguka. Mji mzima unakosa maji, kwa maana hakuna anayethubutu kusogea. Wanadhani yu hai. Inabidi mamake aje ambembeleze. Sasa huyo del Toro akipewa kisima hicho, upinde huo, na mama huyo, atatengeneza nini?

mtembeza_wageni

Mwalimu, hiyo ya kisima nywele zimenisimama. Na si ya kusubiri sheria ya mtu, maana Liyongo hana mwenyewe wa kudai malipo.

baharia_mstaarabu

Msiseme kwa sauti. Yule wa dubu atasikia, tutamwona Liyongo na msumeno.

mama_wa_watatu

Swali la haraka kabla uzi haujahamia Pate. Mtoto wangu mdogo yuko gredi ya tatu, ameona picha ya Pinocchio ya del Toro na anailia. Ataiweza?

mwana_barani

Angalia kwanza alama ya bodi ya filamu, dada: GE ni ya wote, PG ukae naye, 16 na 18 usijadiliane. Saibani huwa naziandika kwa kalamu juu ya kasha, watu wanazipita tu.

mtembeza_wageni

Kaa naye. Bomu la kanisani liko mwanzoni kabisa, hutangoja sana kujua kama ataendelea. Wangu alilia hapo, akauliza mtoto ameenda wapi, nikamjibu, tukaendelea. Sehemu ya wanajeshi watoto ndiyo niliyoisimamisha, akaenda kunywa maji, akarudi mwenyewe kubonyeza. Ila usimwekee usiku wa kuamkia shule, ni zaidi ya saa moja na nusu na ina nyimbo atakazotaka azirudie.