Tupeane uzoefu: mliochomwa sindano za aleji (nyigu, nyuki, vumbi na wengineo)

Mtoto wa Mrina

Wakuu, habari za huko mliko.

Nimekulia Sikonge, Tabora. Baba ni mrina asali, na harufu ya moshi wa mzinga niliijua kabla ya kujua kusoma. Nyuki wameniuma kichwani, kwenye kope, siku moja hadi ndani ya sikio. Mama ananikwangua mwiba kwa ukucha, ananipiga kikofi cha mgongo, naendelea na safari. Kwa hiyo nilijiona mtu ambaye huwezi kumtisha kwa mdudu.

Sasa naishi Köln, Ujerumani. Agosti 2019 nimekaa nje ya duka la mikate, nakula keki ya plamu. Kwa wasiojua, huku mwezi wa nane manyigu ya manjano yanajaa kwenye vitu vitamu kama nzi buchani, na muuzaji anakata keki katikati yao wala hana habari. Mmoja akaniuma shingoni. Nikacheka. Baada ya dakika kama kumi viganja vikaanza kuwasha, kisha nyayo, kisha mabaka mwili mzima. Nikajaribu kumwita mwenzangu, sauti iliyotoka si yangu. Kilichofuata nakikumbuka vipande vipande: taa ya gari la wagonjwa, mtu ananikata suruali, paja linachomwa.

Vipimo vya ngozi na damu vikatoa jibu lililomchekesha baba kwenye simu mpaka akakohoa: nyuki sina tatizo naye, adui yangu ni nyigu. Sumu zao si moja, mtu anaweza kustahimili ya huyu akaangushwa na ya yule. Daktari akasema dawa ya kudumu ipo, nayo ni sumu yenyewe ya nyigu. Unachomwa chini ya ngozi kwa kiasi kidogo sana, kinapandishwa taratibu, mwili unajifunza kuacha kukurupuka.

Mimi walinilaza siku tatu ili wapandishe haraka huku wakiniangalia. Tukaanza na sehemu ndogo mno ya maikrogramu moja, tukafika maikrogramu 100. Hiyo 100 inazidi mara kadhaa sumu anayokutia nyigu mmoja. Baada ya hapo kila wiki nne, baadaye kila wiki sita. Kila ukichomwa unakaa hapo hapo nusu saa. Mkono unavimba kama andazi, unawasha siku mbili, unatulia.

Mwaka wa pili wakaniita kwenye kipimo ambacho Sikonge nikikisimulia nitaambiwa nimeanza bangi. Wananiuma kwa makusudi! Mshipa umeshawekewa njia ya dripu, mashine ya presha imefungwa, adrenalini, dawa ya kumwokoa aliyeangushwa na aleji, iko mezani, daktari kakaa. Wakamleta nyigu hai ndani ya kikombe, wakakifunika kwenye mkono wangu. Nyigu hataki. Anazunguka kama mpangaji anayekagua chumba. Nesi akagonga kikombe kwa kidole mara mbili tatu, ndipo akauma. Tukasubiri. Palivimba kidogo, kama sarafu. Basi. Nilitokwa machozi mbele ya watu nisiowajua.

Nimemaliza miaka mitano sasa. Nataka kusikia kwenu: mlichomwa ya nini, mliumia vipi, mliacha katikati? Na mlioko nyumbani mnafanyaje?

Chungu Mweusi

Salaam alaykum. Mie niko Muscat, kwetu asili Unguja.

Wangu si nyuki wala nyigu, ni chungu, yule jamii ya sisimizi. Mdogo, mweusi, huku wanamwita samsum. Anapenda udongo wenye maji, kwa hivyo utamkuta bustanini, kando ya mabomba, chini ya vigae vya uani. Na yeye hang'ati kama siafu, anachoma kwa nyuma, ana mwiba.

Tulikuwa tumetandika mkeka bustanini baada ya magharibi. Kitu kikanichoma kwenye kifundo cha mguu, nikakipangusa. Muda mchache tumbo linasokota, macho yanafunga, kifua kinabana. Bibi akang'ang'ania ni pweza niliyekula mchana, ananilazimisha maziwa. Mjomba alishaanza gari. Hospitali walinidunga adrenalini, na daktari alipoangalia mguu akauliza moja kwa moja: "Ulikaa kwenye nyasi?"

Sindano za miaka mitano sikupewa. Nilipewa kalamu mbili za adrenalini, yaani sindano za kujidunga mwenyewe zenye umbo la kalamu, nikafundishwa kuzitumia kwa kalamu ya majaribio isiyo na sindano, nikaambiwa viatu vya kufunika nje kila wakati. Walikuja watu wa dawa ya wadudu wakashughulikia ua. Bibi hadi leo hanipi pweza.

Kalenjin wa Houston

Chungu Mweusi, karibu kwa chama. Huku Texas tuna wekundu, wanajenga kichuguu kwa lawn usiku mmoja baada ya mvua. Si siafu wetu. Huyu anakushika kwa meno, anainamisha mkia, anakudunga, kisha anazunguka hapo hapo akidunga tena na tena. Kesho yake unaona vipele vyeupe kama vya usaha vimejipanga duara. Asili yao ni Amerika Kusini, waliingia na meli kupitia bandari ya Mobile, Alabama, miaka ya 1930, na sasa wameshika kusini yote ya Marekani.

Mimi nilikata nyasi na sandali. Kosa langu, sina wa kulaumu. Nilizimia kwa driveway.

Nadungwa tangu 2022. Mwanzo kila wiki, mkono huu wiki hii, ule wiki ijayo. Sasa ni mara moja kwa mwezi. Lakini sikilizeni hii. Siku moja nilikuwa nachelewa shifti. Nikadungwa, nikakaa dakika kumi, nikatoroka. Niko kwa parking nafunga mshipi wa gari, mdomo wa juu ukaanza kuwa mzito, shingo inawasha. Nikarudi mbio. Nesi hakuniuliza chochote, alinilaza akanidunga adrenalini, na alipomaliza akaniambia kwa upole kuwa saa iliyo ukutani si ya mapambo. Tangu siku hiyo nakaa dakika arobaini, hata nikifukuzwa.

Mama Pacha

Samahani jamani, swali la mjinga. Hii si ni chanjo tu kama zingine?

Mtoto wa Mrina

Dada, si swali la mjinga, na mimi niliuliza hivyo hivyo. Chanjo ya surua inaufundisha mwili kupigana. Hii inaufundisha kuvumilia. Ila wazo lilitoka upande wa chanjo: mwaka 1911 Leonard Noon, daktari wa hospitali ya St Mary's London, alichapisha majaribio ya kuwachoma wagonjwa wa mafua ya chavua maji ya chavua ya nyasi. Kwa wadudu walihangaika zaidi. Miaka mingi walikuwa wanasaga mdudu mzima, mabawa na miguu, wanamchoma mtu. Mwaka 1978 ndipo utafiti wa Marekani ulipoonyesha kwamba kwa nyuki na nyigu mdudu aliyesagwa hazidi maji matupu, inayokinga ni sumu safi.

Na hapa Kalenjin atashangaa: chungu wako wekundu bado wanasagwa wazima. Kwao inafanya kazi, kwa sababu sumu inabaki ya kutosha humo ndani.

Kalenjin wa Houston

Kwa hivyo nimekuwa nikidungwa supu ya chungu miaka yote hii. Asante sana, sitalala.

Mama Pacha

Basi nieleze langu. Mwanangu mmoja, miaka sita, aliumwa na nyigu mkononi, tuko Morogoro. Mkono ulivimba kutoka kidole mpaka juu ya kiwiko, siku tatu. Nilijua namzika. Daktari wa watoto akaniuliza: alitapika? Alipata mabaka sehemu nyingine? Alikohoa, alilegea? Yote hapana. Akasema uvimbe wa pale pale, hata uwe mkubwa, mara nyingi huishia hapo, na sindano za miaka mitano si za mtoto kama huyu. Barafu, dawa ya kuwasha, nimwangalie. Pacha wake aliumwa wiki iliyofuata akavimba kama njugu. Tumbo moja, siku moja!

Vumbi la Rongai

Mimi sijaumwa na yeyote. Adui yangu ni wale vidudu wasioonekana wanaoishi kwa godoro, na paka. Nilipiga chafya kutoka darasa la nne hadi nikaajiriwa. Asubuhi ishirini, thelathini, nakunywa setirizini, tembe za aleji, kama peremende.

Nilianza sindano Nairobi kwa daktari binafsi. Kabla ya yote alinipulizisha kifaa cha kupima pumzi, akakataa kunidunga mwezi mzima mpaka pumu yangu itulie kwa inhela. Nilikasirika, nikadhani anataka pesa zaidi. Baadaye nikaelewa kwamba wenye pumu isiyodhibitiwa ndio huzidiwa vibaya zaidi na sindano hizi.

Mwezi wa nane hivi, mume aliuliza mbona nyumba imenyamaza asubuhi. Ndiyo hiyo raha. Lakini mwezi wa kumi na nne karo ya watoto iligongana na bili, nikasema nimepona, nikaacha. Kabla mwaka haujaisha chafya zikarudi na marafiki zao. Inauma kwa sababu nilishatumia pesa nyingi. Kama hujui pesa ya miaka mitatu itatoka wapi, kaa chini upige hesabu kabla ya kuanza, mimi sikupiga. Sasa nafua mashuka kwa maji moto na nimefunga godoro kwa kifuniko maalumu. Paka alibaki. Usiniulize.

Mzee wa Kasulu

Nyinyi vijana mna mambo. Sisi tulioishi na nyuki tunajua dawa: umwa, umwa tena, utazoea. Sindano ya nini?

Mtoto wa Mrina

Shikamoo mzee. Kuna ukweli ndani ya unachosema, hata wataalamu wameona warina asali wanaoumwa mamia ya mara kwa mwaka hupatwa mara chache kuliko wale wanaoumwa mara chache chache. Lakini mwenye aleji ukimwambia akaumwe azoee, anaweza asirudi. Tofauti iko kwenye kipimo. Nyuki hapimi.

Mzee wa Kasulu

Marahaba. Nyuki hapimi, hilo nakubali. Nina kaka yangu alikufa porini, tukasema ni nyoka ingawa hapakuwa na alama ya meno. Nimesoma hapa tangu asubuhi namfikiria yeye.

Nesi wa Zamu

Pole sana mzee wangu.

Naandika kutoka wodini, nitakuwa mkali kidogo. Tulipokea mtu aliyeumwa na nyuki, kapitia kituo kingine kwanza. Huko alichomwa piritoni na haidrokotisoni, akaambiwa akae kwenye benchi asubiri. Kaja kwetu presha haisomeki. Tulimpata, namshukuru Mungu, lakini kwa bahati.

Wadau, koo likibana, pumzi ikikata au mtu akilegea baada ya kuumwa, dawa ya kwanza ni adrenalini. Mtu mzima nusu mililita ya ile ya 1:1000 (miligramu moja kwa kila mililita), kwenye msuli wa paja kwa nje, dakika tano zikipita bila nafuu inarudiwa. Piritoni ni ya kuwashwa, haifungui koo. Mlaze, miguu juu, na asiinuke hata akisema anajisikia vizuri, wengine huanguka pale pale wanaposimama. Anayehema kwa shida mwache akae. Mwiba utoe haraka kwa chochote, ukucha, kadi ya simu. Kuchelewa ndiko kubaya, mfuko wa sumu unaendelea kusukuma.

Swali kwako Mtoto wa Mrina: walikuuliza dawa za presha?

Mtoto wa Mrina

Waliuliza kabla hata ya jina, karibu. Mgonjwa mwenzangu wodini alikuwa anatumia atenololi, dawa ya presha ya kundi la beta-bloka, ikabidi kwanza wakae na daktari wake wa moyo. Kundi hilo la dawa linaweza kuifanya adrenalini isishike vizuri siku ya shida. Na mwanamke mjamzito hawamwanzishii, ila aliyekwisha fika dozi ya kudumu huweza kuendelea.

Nesi, nami nina swali. Mwezi ujao naenda nyumbani, na kalamu bado naibeba, daktari kasema nisiache. Joto la Sikonge Oktoba unalijua. Nitaitunzaje?

Nesi wa Zamu

Isizidi nyuzi 25 kwa muda mrefu, usiiache kwenye gari, usiigandishe. Chungulia kidirishani mara kwa mara: maji yakibadilika rangi, tafuta nyingine. Usiiweke kwenye friji, itafutie mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani.

Mtoto wa Mrina

Narudi kwenye uzi, niko Sikonge wiki ya pili. Baba aliiangalia kalamu, akaigeuza, akauliza ni ya kuandikia nini. Nilipomweleza hakucheka safari hii. Alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na kibuyu cha zamani cha asali kilichokauka, akaitia humo ndani, akakining'iniza kivulini kando ya mtungi wa maji. Kila tukienda kurina anakivaa begani yeye mwenyewe, mimi hanipi.